Kayaki ya Kunitosha

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la kuandikia joto la friji ya chanjo. Umeme umekatika tangu Ijumaa, chanjo zimehamishiwa hospitali kubwa, na friji sasa inatunza viatu vyetu visilowe. Kwa hiyo daftari nimelichukua mimi. Nisipoandika mahali nitamrukia mtu.

Ziwa limevuka barabara. Lilianza kama dimbwi pale kwenye kona ya fundi cherehani. Leo asubuhi limemeza ngazi mbili kati ya sita za duka lake, na njia ya kwenda mtaa wa ng'ambo haipo tena. Unaona vichwa vya nguzo za uzio, halafu maji matupu, halafu nyumba za upande wa pili. Wagonjwa wetu kumi na mmoja wa kuhudumiwa nyumbani wako huko, na wanne kati yao ni wangu. Simu zao zimezimika, hawana pa kuzichaji.

Mashua ya injini ilijaribu kuvuka saa nne. Seng'enge za uzio uliozama zikajisokota kwenye pangaboi, ikarudi ikivutwa kwa kamba. Mkuu wa kituo anasema tutaletewa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya plastiki, mtu mmoja anakaa na kasia lenye bapa huku na huku. Nilifurahi. Baba yangu alikuwa mvushaji, nimeshika kasia kabla ya kushika kalamu. Katika manesi wote wa kituo hiki mimi peke yangu ndiye ninayejua kuogelea.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya Mwalimu. Sikwenda.

Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye kisukari na kidonda kwenye mguu wa kushoto. Nimekisafisha kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa miaka miwili. Kinapomuuma hapigi kelele, anataja jedwali la kumi na tatu kwa sauti. Siku kidonda kilipokuwa kibaya sana alifika mara kumi na tisa. Siku hizi nikimaliza anakuwa kwenye mara nne tu, na mwezi uliopita nilimwambia binti yake kwamba tukiendelea hivi, kitafunga kabla ya mwaka kwisha.

Kidonda cha namna hiyo hakisubiri barabara.

Ijumaa, 7 Machi

Ngazi tatu. Siku ya Mwalimu. Sikwenda.

Jumanne, 11 Machi

Kayaki zimekuja. Nne, za rangi ya machungwa, zote saizi moja. Mkuu alitupanga ukingoni kama watoto wa chanjo, na watu wa mtaa wakajaa kutazama, kwa kuwa siku hizi hakuna kazi.

Akaanza Sindano. Ndivyo tunavyomwita nesi mwenzangu, kwa sababu ya umbo lake na kwa sababu hajawahi kukosa mshipa. Aliteleza ndani kama mkono kwenye glavu. Kisha zamu yangu.

Tundu la kukalia lina ukingo mgumu. Niliingiza miguu, nikashuka, nikakwama nyongani. Sikuwa ndani, sikuwa nje. Nilijisukuma kwa mikono, ukingo ukanibana mapaja mpaka ganzi ikashuka magotini. Nilipoamua kutoka, kayaki ikatoka na mimi. Nilisimama kwenye maji ya magoti, mbele ya mtaa mzima, nimeivaa kiunoni.

Walicheka. Na mimi nikacheka, maana tangu darasa la pili nimejua kwamba ukicheka wa kwanza kinapita haraka. Sindano alicheka mpaka akaketi chini. Watu wawili ndio walioivuta ikatoka.

"Sista," Mkuu akasema akijifuta macho, "wewe tutakupa kazi za nchi kavu."

Nina kilo mia na thelathini na sita. Naandika hapa kwa sababu kila mtu anazijua isipokuwa karatasi.

Jumatano, 12 Machi

Ngazi nne. Sindano ameenda kwa Mwalimu badala yangu. Amerudi, anasema mzee ananisalimu, kidonda kiko vizuri. Nilimwuliza alifika mara ngapi ya kumi na tatu. Hakunielewa.

Ijumaa, 14 Machi

Sindano anasema kidonda kinanuka kidogo. "Kidogo tu, dada, usianze." Kinanuka vipi? Harufu tamu au ya kuoza? Hajui. Anasema upepo katikati ya maji ulikuwa mbaya.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya upumbavu na ninauandika wote.

Sikumwambia mtu. Nilifika ukingoni saa moja asubuhi, nikafungua boliti mbili za kiti cha kayaki moja, nikakitoa chote, nikabaki na sakafu tupu. Bila kiti niliingia. Nilibanwa lakini niliingia. Sanduku la vidonda nikalifunga mbele yangu kwa mpira.

Ilielea, lakini nusu yake ilikuwa chini. Kila nikipiga kasia kulia, maji yaliingia kulia. Sikuwa na pa kuegemea mgongo, wala pa kukanyaga, nikawa naserereka mbele kidogo kidogo, nyonga zimebanwa huku na huku, mgongo unawaka. Nilijua kupiga kasia, mikono ilikumbuka yote. Chombo ndicho kilichonikataa.

Nilifika kwenye nguzo ya tatu ya uzio. Wimbi dogo tu, la bata kupita, nikapinduka.

Chini ya maji sikuogopa kuzama. Nilijua kuogelea, lakini nyonga hazikutoka. Nilikuwa kichwa chini, nimevaa kayaki, naona rangi ya machungwa na matope, na wazo lililonijia halikuwa Mungu wala mama. Niliwaza kwamba watanikuta hivi. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, nikachunika mapaja yote mawili, nikatoka.

Mwashi mmoja aliyekuwa akiokoa mabati ya paa lake akanivuta kwa kamba hadi kwenye ngazi za fundi. Hakucheka, Mungu ambariki. Lakini ukingoni walikuwa wamekwisha kusanyika, simu zimeinuliwa. Sanduku limezama na bandeji za wiki mbili.

Mdogo wangu, ninayeishi naye, alinipaka dawa mapajani. "Dada, kwani huko ng'ambo kuna nani wako?" akauliza. Nikamwambia hakuna mtu wangu. Kuna mgonjwa wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Mkuu ameniandikia barua: nisiingie majini kwa chombo chochote bila kibali chake. Kazi yangu mpya ni kufunga masanduku ya wenzangu na kuyapokea yanaporudi. Video imefika hata kwa shangazi yangu. Ngazi nne na nusu.

Alhamisi, 20 Machi

Mwashi aliniambia kuna mtu huko nyuma ya kiwanda cha barafu anayetengeneza na kuuza kayaki. Wanamwita Nanga. Nilikwenda baada ya kazi nikiwa nimeandaa utani wangu mdomoni, maana nimezoea kuingia madukani hivyo.

Nanga ana mwili mkubwa kuliko mimi. Alikuwa anaziba ufa kwa pasi ya moto, akainua macho, akanitazama, akasema, "Karibu, dada yangu. Unaumia wapi ukikaa?"

Utani ukanipotea. Nikamwonyesha nyonga, nikamwonyesha chini ya mgongo, na sijui ni nini, nikaanza kulia mbele ya mwanamume nisiyemjua. Akaendelea kuziba ufa wake mpaka nikamaliza.

Kisha akachukua futi ya fundi na kunikalisha kwenye benchi. "Watu wanajipima wamesimama," alisema. "Kwani utapiga kasia umesimama? Mwili ukikaa unatanuka." Akanipima nyonga nikiwa nimekaa, akanipima kutoka kisigino hadi goti, akaandika ukutani kwa chaki.

Alinifundisha mengi na nataka nisiyasahau. Kayaki ya tundu si yetu sisi, hata ukiingia hutatoka kwa haraka. Chukua ya wazi, ya kukaa juu, ukianguka unaanguka tu, unapanda tena. Uzito ulioandikwa ubavuni usiuamini. "Hiyo ni namba ya kuelea," alisema. "Gogo pia linaelea. Toa theluthi moja, inayobaki ndiyo namba ya kwenda." Nikamwambia kilo zangu kwa sauti ya kawaida. Akazijumlisha na sanduku na nguo zikilowa, bila hata kukunja uso.

Tulijaribu tatu, kwenye bwawa lake la nyuma, mvua ikinyesha. Ya kwanza ilikuwa pana kama meza, lakini kiti kiko chini, magoti yakanipanda kifuani na mgongo ukaanza. Ya pili kiti kimeinuliwa, nikakaa kama malkia, lakini ilikuwa nyembamba na kila nikikohoa inayumba. "Kiti kikiwa juu, tumbo la chombo lazima liwe pana," Nanga akasema. "Starehe bila utulivu utalipia katikati ya maji."

Ya tatu ni ya kijani, imechubuka ubavu. Pana, kiti cha fremu kimeinuliwa kiasi cha kiganja, egemeo linafika chini ya mabega, vikanyagio vinasogezwa. Akavisogeza mpaka magoti yangu yakajikunja kidogo tu. Nikataka kushuka.

"Kaa," akasema.

"Nimeshaona, inanifaa."

"Dakika moja kila kitu kinafaa. Kaa nusu saa."

Nikakaa nusu saa kwenye mvua. Nilizunguka bwawa mara ishirini. Hakuna kilichoniuma. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa mahali nusu saa bila kujikunja ili nichukue nafasi ndogo.

"Ichukue," Nanga akasema. "Karatasi za ofisi zitafuata."

Sikuichukua. Nilimwambia nitaleta kibali kwanza.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempelekea Mkuu ombi. Ameliweka chini ya jiwe analozuia karatasi zisipeperuke. "Sista, vifaa vya kituo ni vya wote. Nikikununulia wewe chombo cha saizi yako, kesho mwingine atataka cha rangi yake." Nikasema Nanga yuko tayari kuiazima hata leo. Akasema, "Ukizama na chombo cha kuazima, atakayeulizwa ni mimi. Ngoja kamati."

Ngazi tano.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Kamati haikukaa.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Sindano anasema Mwalimu yuko vilevile. Ameanza kunijibu bila kunitazama. Nadhani bado ananicheka.

Alhamisi, 27 Machi

Ngazi zote sita. Fundi amehamisha cherehani kwa dada yake. Kamati itakaa wiki ijayo.

Jumatatu, 31 Machi

Leo nimefungua sanduku la Sindano lililorudi na kulipanga upya, kama kila siku. Bandeji nilizofunga kwa ajili ya Mwalimu zilikuwemo. Hazikuguswa. Siku zilizopita pia zilirudi hivyo, nikadhani anatumia za akiba. Nikaenda kwenye kabati la akiba. Daftari lake linaonyesha halijafunguliwa tangu tarehe kumi na tano, siku ile niliyozamisha sanduku.

Kwenye fomu zake imeandikwa kwa mwandiko mzuri: amehudumiwa, amehudumiwa, amehudumiwa.

Nilimkuta chumba cha sindano, nikafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana.

"Umefika kwa Mwalimu mara ngapi?"

Akaegemea ukuta, akashuka mpaka akakaa sakafuni.

"Mara mbili, dada. Zile za mwanzo. Ya tatu upepo ulinigeuza. Niliona chini hakuna chini. Mimi sijui kuogelea, nikianguka ndiyo basi. Nikawa nafika kwa wale wa nyumba za karibu, kwake nashindwa, najificha nyuma ya ghala la saruji mpaka muda upite."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Siku ile nilikucheka watu wote wakiona. Ningesemaje kwamba mimi ninayetoshea ndiye ninayeogopa?"

Nilitaka kumchukia na sikuweza. Alicheka siku ile kama ninavyocheka mimi. Sikuwahi kudhani mtu mwembamba ana haja hiyo.

Wiki mbili na nusu. Mungu wangu. Kidonda cha kisukari, siku kumi na saba.

Jumanne, 1 Aprili

Alfajiri ilipokucha nilikuwa kwa Nanga. Aliona uso wangu, akashika upande mmoja wa ile ya kijani na mimi upande mwingine. Ukingoni watu walikuwepo. Simu zilikuwepo. Nikakaa, nikaegemea, nikasukuma.

Ilikwenda. Naandika jambo ninaloona aibu nalo kuliko yote: ilikuwa raha. Mgongo umetulia, miguu imekanyaga, maji yanapita chini yangu kwa utiifu. Nilipita juu ya uzio, juu ya barabara, na kwa dakika ishirini nilisahau ninakokwenda.

Kwenye dirisha la Mwalimu kulikuwa na shuka jekundu. Binti yake, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alikuwa amelining'iniza siku kumi na moja zilizopita ili tuone kwamba wana shida. Toka upande wetu lilionekana kama nguo ya kukauka tu, na kila nyumba ilikuwa nazo.

Harufu nilikutana nayo kabla ya kupanda baraza. Sitaandika mguu ulivyokuwa. Vidole vilikuwa vyeusi, na wekundu ulikuwa umepita goti. Homa ilimfanya macho yang'ae.

"Umechelewa darasani," Mwalimu akaniambia.

Hakukuwa na la kusafisha pale. Ilikuwa hospitali au ndiyo basi. Namba ya ubavuni inasema kilo mia mbili na ishirini. Mimi na yeye na maji nguoni tulikaribia mia mbili. Nilijua nini Nanga angesema. Nikamketisha mbele yangu, mgongo wake kifuani kwangu, nikamfunga kwangu kwa khanga ya binti yake. Binti akabaki barazani, hapakuwa na nafasi yake.

Tulikwenda polepole, ukingo ukiwa sawa na maji. Alianza jedwali. Nilihisi kila namba mgongoni mwake.

"Kumi na tatu mara sita, sabini na nane. Mara saba, themanini na tisa."

"Tisini na moja, Mwalimu."

"Nilikuwa nakupima."

Alifika mara kumi na moja, kisha akanyamaza. Nikaendelea mimi ili asikie sauti. Nilimaliza mara ishirini, nikaanza upya.

Sindano alikuwa majini upande wetu, amesimama maji kifuani, mikono ameinyoosha. Aliikamata kayaki puani na kuivuta mpaka ikagusa lami.

Ijumaa, 4 Aprili

Wamemkata juu ya goti.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imepungua. Homa haijashuka. Hakunitambua, aliniita jina la mkewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Amefariki saa tisa alasiri.

Alhamisi, 10 Aprili

Sindano amempelekea Mkuu barua mwenyewe, ameeleza yote. Amesimamishwa kazi. Alikuja kuniaga, nikamshika mkono. Mkuu hajaniuliza chochote kuhusu kibali. Hanitazami kabisa, anapita karibu na ukuta. Ngazi tatu za fundi zimeonekana, zina matope.

Jumanne, 15 Aprili

Kamati imekaa. Wameidhinisha kayaki moja, "ya wazi, pana, kwa mhudumu mwenye mwili mkubwa." Mkuu aliniwekea karatasi mezani akaondoka haraka. Nimeisoma mara mbili. Sioni hata hasira ya kuichania.

Jumatano, 16 Aprili

Nimevuka kwa wagonjwa wangu watatu waliobaki. Wa mwisho jirani yake ni binti wa Mwalimu, nikashindwa kupita bila kuingia. Alikuwa akipanga bandeji na chupa za dawa kwenye boksi ili turudishiwe.

"Naomba nikuulize, nesi, na usinidanganye," alisema. "Yule mwembamba alikuja mara mbili, naelewa, aliogopa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na majibu. Barua ya Mkuu. Kamati. Sikujua fomu ni za uongo. Yote ni kweli, na nimejisomea mengi katika daftari hili mpaka nikakaribia kuyaamini.

"Niliipata kayaki ya kunitosha tarehe ishirini," nikamwambia. "Mwenyewe aliniambia niichukue siku ileile. Nikasema nasubiri kibali. Sikuwa nasubiri kibali, dada. Niliogopa nikiingia tena majini watu watanipiga picha."

Hakulia, wala hakunitukana. Alinitazama mwili wote, juu mpaka chini, si kwa dharau, kama mtu anayetaka kuelewa jambo kubwa kiasi gani lilisimama kati ya baba yake na dawa. Kisha akanionyesha kwa kidole kona ya baraza.

Kulikuwa na kiti cha mbao, kizito, cha zamani.

"Kile ni cha kwake. Barabara ilipofungwa alinifanya nikitoe chumbani, nikate mikono ya kiti kwa msumeno. Alisema vile vya plastiki vinakubana, hujawahi kulalamika lakini anakuona unavyoinuka. Alisema ukifika utakuwa umechoka." Akafunga boksi. "Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ananiambia nikifute maji."

Pale mikono ilipokatwa mbao ilikuwa bado nyeupe.

Hakuniambia nikae.